Ni Nani Akunoleaye Jembe?

Huku kwetu Trans Nzoia wenye mashamba wanatazama mawingu, na kila atokaye nje asubuhi hutazama juu kwanza kabla ya kumsalimu jirani. Kwa hiyo asubuhi ya leo nataka tuzungumze juu ya matrekta, plau na mashine za kupukuchulia mahindi.

Najua baadhi yenu mtasema, Kasisi amepotea njia. Alipaswa kutuletea Neno, naye anatuletea grisi. Nivumilieni. Neno lenyewe limezitaja zana za shamba mara nyingi kuliko tunavyodhani, na mahali pamoja limetaja hata bei ya kuzitengeneza.

Mahali penyewe ni Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 13, karibu na mwisho. Nilipokuwa chuo cha theolojia tuliipita sura hiyo mbio mbio, kwa kuwa mwalimu wetu alitaka tumfikie Daudi kabla ya mtihani. Lakini wewe uliye mkulima, uisome polepole. Siku za mfalme Sauli, Wafilisti hawakuacha mhunzi hata mmoja afanye kazi katika nchi yote ya Israeli. Hofu yao ilikuwa kwamba Waebrania wakiwa na wahunzi watajifulia panga na mikuki. Basi kila Mwisraeli aliyetaka kunolewa jembe, shoka au mundu, ilimbidi ateremke mpaka kwa Wafilisti, alipe, asubiri, kisha apande tena milima kurudi kwake. Na siku ya vita ilipofika, katika jeshi lile lote hapakuonekana upanga wala mkuki, ila kwa Sauli na mwanawe Yonathani peke yao.

Bei imeandikwa hapo hapo. Kwa miaka mingi wafasiri walisumbuliwa na neno moja la Kiebrania katika habari hiyo, neno "pimu", ambalo halipatikani mahali pengine popote katika Biblia. Wafasiri wa Kiingereza wa mwaka 1611 walikisia, wakaandika kwamba Waisraeli walikuwa na tupa. Baadaye wachimbaji wa mambo ya kale wakafukua huko Palestina vijiwe vidogo vya mizani vilivyochorwa neno lilo hilo, kila kimoja kikiwa na uzito wa kati ya gramu 7 na 8 hivi. Ndipo ikafahamika kwamba pimu ni kipimo cha fedha, karibu theluthi mbili za shekeli, nacho ndicho kilichokuwa malipo ya kunoa jembe moja.

Mfikirie mkulima yule. Shamba ni lake, ng'ombe ni wake, jembe ni lake. Lakini siku jembe linapokuwa butu anagundua kwamba amekuwa akiliazima tu. Mwenye moto na tupa ndiye mwenye neno la mwisho juu ya mavuno yake.

Wala msidhani kwamba mambo hayo yalikwisha pamoja na Wafilisti. Huko Marekani, matrekta makubwa ya siku hizi yana kompyuta ndani yake. Kifaa kidogo cha kupima joto au moshi kikiharibika, kompyuta huweza kulipunguza trekta nguvu, au kulisimamisha kabisa katikati ya mavuno, hata kama injini ni nzima. Mkulima huona namba ya kosa tu. Kwa miaka mingi wakulima wa huko walilalamika kwamba programu kamili ya kutafuta kosa na kulifuta ilikuwa mikononi mwa mawakala wa kampuni peke yao. Mtu anasimama shambani, spana zote anazo, na baba yake na babu yake walitengeneza matrekta yao wenyewe, lakini sasa hana budi kumngoja mtu wa kampuni aje na kompyuta yake.

Malalamiko hayo yalifika mbali. Mwezi wa Januari 2023 kampuni ya John Deere iliandikiana mapatano na shirikisho kubwa la wakulima wa Marekani, ikaahidi kuwapa wakulima na mafundi wa nje vitabu na vifaa vya kutengenezea. Wengi hawakuridhika. Mwaka huo huo jimbo la Colorado lilipitisha sheria ya kumpa mkulima haki ya kutengeneza mashine zake, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2024. Na Januari 2025 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia haki katika biashara, pamoja na majimbo mawili, iliipeleka kampuni hiyo mahakamani, na kampuni ikayakana mashtaka. Mimi si hakimu wa mambo hayo. Lakini nilipoyasoma, kitu cha kwanza kilichonijia akilini ni yule Mwebrania na jembe lake begani, akiteremka kwa Wafilisti.

Hata hivyo, tuwe wa haki. Kampuni nazo zilikuwa na hoja yao. Zilisema, tukimfungulia kila mtu kila mlango, wako watakaozivuruga kinga tulizoweka, na watu wataumia. Nilipoisoma hoja hiyo mara ya kwanza niliicheka. Baadaye sikuicheka tena, na sababu yake nitawaambia.

Trekta letu la parishi halina kompyuta. Ni Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964, yenye injini ya dizeli ya Perkins ya silinda 3. Lilinunuliwa na chama cha wakulima cha parishi yetu likiwa limekwisha kuzeeka katika mikono ya watu wengine, pamoja na plau ya sahani na mashine ya kupukuchulia mahindi. Hulimia wajane kwa bei nafuu, na wenye uwezo kwa bei ya kawaida. Fundi wake ni mzee mmoja ambaye sitamtaja jina, kwa kuwa hapendi kusifiwa. Alianza akiwa utingo wa matrekta, kijana mdogo, wala hakusomea ufundi darasani, lakini husikiliza injini kama mama asikilizavyo kifua cha mtoto.

Siku ya kwanza nilipofanywa mwenyekiti wa kamati aliniambia, "Kasisi, trekta hili halina siri. Likiumwa, linasema. Shida ni kwamba ninyi wenye kamati hamna masikio."

Nikamwomba anifundishe. Alianzia mahali ambapo sikutarajia, yaani kwenye pumzi. Injini huvuta hewa nyingi mno, na wakati wa kulima hewa yetu ni vumbi tupu. Katika matrekta haya ya zamani hewa hupitishwa kwanza juu ya bakuli lenye oili. Ikifika pale hugeuka ghafula kwenda juu, na vumbi, kwa kuwa ni zito, hushindwa kugeuka pamoja nayo, likatumbukia katika oili na kunaswa. Kisha hewa hupita katika nyavu za waya na kuingia katika injini ikiwa safi. Bakuli hilo lataka kufunguliwa kila siku wakati wa vumbi. Tope likijaa chini yake, vumbi jipya halina pa kunaswa, huingia ndani na kuzisugua silinda kama msasa. Na asije mtu akasema, basi nitajaza oili hadi juu ili iwe bora zaidi. Kuna alama. Ukiipita, injini huvuta oili yenyewe, na utajua kwa moshi.

Halafu akanionyesha maji katika dizeli. Tangi likilala nusu tupu, hewa iliyomo hupoa usiku, na unyevu wake hugeuka matone kwenye kuta za tangi, kama umande juu ya majani. Ndiyo sababu mzee wetu hujaza tangi jioni wakati wengine hujaza asubuhi. Kabla ya kuwasha hufungua kizibo kidogo chini ya chujio, akaacha maji yaliyotuama yatoke. Ni kazi ya dakika 2. Pampu ya dizeli iliyoliwa na kutu ni kazi ya kuuza ng'ombe.

Juu ya grisi sitasema mengi, maana kila dereva anajua, na kila dereva husahau. Nitasema tu kwamba mzee hupangusa kile kichuchu cha chuma kwa kitambaa kabla ya kuweka bomba la grisi, kwa kuwa usipokipangusa unasukuma mchanga ndani ya kiungo kwa mkono wako mwenyewe.

Lakini iko bolti moja inayotaka nikae nayo kidogo. Mashine nyingi zinazozungushwa na trekta huwa na bolti laini iliyowekwa makusudi ili ikatike. Jiwe likiingia, au kitu kigumu kikikwama, bolti hiyo hukatika, na kila kitu kingine kikasalia salama. Ni bolti ya bei ndogo inayokufa badala ya giaboksi ya bei kubwa. Mhubiri angepata hubiri zima hapo, lakini nimekwisha kuahidi kwamba leo ni siku ya grisi.

Sasa, bolti hiyo ikikatika mara 2 au 3 kwa siku, mtu huchoka. Hutafuta iliyo ngumu zaidi. Kichwani mwa bolti huchapwa namba, na iliyoandikwa 10.9 ni ngumu kuliko ya 8.8, basi huona amepata dawa. Wengine hukata kipande cha nondo wakakipigilia humo. Wiki ya kwanza hufurahi kwamba haikatiki. Halafu siku moja kitu hukwama kweli kweli, na kwa kuwa bolti imekataa kukatika, meno ya giaboksi ndiyo yanayokatika. Mzee wetu husema kwamba bolti inayokatika kila mara inaleta habari. Huenda mahindi hayajakauka, huenda mnalisha mashine kwa pupa, huenda kitu kimelegea ndani. Nenda katafute habari hiyo ni ipi.

Sisemi kwamba mtu asibadili kitu chochote katika mashine. Nchi hii ina mafundi wanaojua kubadilisha. Ukienda Kamukunji huko Nairobi utasikia nyundo mchana kutwa, vyuma vikuukuu vikigeuzwa masanduku, majiko na toroli. Wahunzi wetu vijijini huchukua springi ya gari kuukuu wakaifua ikawa panga au jembe linalodumu. Hao ndio wahunzi ambao Israeli haikuwa nao siku za Sauli, na tungewaheshimu zaidi kama tungeikumbuka sura ile.

Mzee wetu mwenyewe aliibadilisha mashine yetu ya kupukuchulia. Mdomo wake ulikuwa juu mno, akina mama wakilazimika kupanda juu ya kigoda wakiwa na debe kichwani. Akaushusha. Kisha akaona kwamba ukiwa chini hivyo mkono wa anayelisha unaweza kufika kwenye ngoma yenye meno. Basi akachomelea mdomo wa bati ulioinama, mrefu kuliko mkono wa mtu mzima, hata ukijinyoosha vipi huigusi ngoma. Kazi hiyo ilimchukua siku 3, na sisi wa kamati tulinung'unika kwamba anatuchelewesha.

Na sasa nifike kwa jambo lililonileta.

Mashine yetu huzungushwa na shafti inayotoka nyuma ya trekta, ile ambayo madereva huiita pi-ti-o. Shafti hiyo huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa kila sekunde. Ikiwa na unene wa sentimita 7 tu, basi nguo ikinaswa, katika sekunde moja shafti imekwisha kuvuta karibu mita 2 za kitambaa. Hakuna mwanadamu awezaye kujivuta nyuma haraka namna hiyo. Kwa sababu hiyo waliotengeneza shafti waliivika kifuniko cha plastiki, mfano wa bomba, chenye mnyororo mdogo wa kukizuia kisizunguke. Shafti huzunguka ndani, kifuniko kimetulia nje, na mtu akikigusa hapati dhara.

Mavuno ya mwaka mmoja, mnyororo ule ulikatika, na kifuniko kikaanza kuzunguka pamoja na shafti mpaka kikapasuka. Mzee alikitoa, akaja nyumbani kwangu nacho mkononi. Akasema, "Kasisi, tusimamishe kazi siku 2. Niende mjini nikatafute kingine, na nikikosa nitakata bomba nitengeneze."

Wapendwa, nataka mnisikilize vizuri, kwa kuwa nitayasema kama nilivyoyasema kanisani. Ilikuwa mwezi wa Novemba. Mahindi yalikuwa yamerundikwa nyua 14, watu wakitungoja, na mvua ilikuwa ikinyesha kila alasiri. Mahindi yakinyeshewa huingia ukungu, na mahindi ya ukungu huwa na sumu na hakuna anayeyanunua. Kamati ilikutana chini ya mwembe wa kanisa, nami ndiye niliyekuwa mwenyekiti. Nilisema, "Mzee, tumalize mavuno kwanza. Kifuniko kitangoja. Shafti inafanya kazi hata bila kifuniko." Wote wakakubali. Sikuona hata haya. Niliona nimekuwa kiongozi mwenye busara.

Tulifanya kazi hivyo kwa wiki 2 bila tatizo lolote. Katika wiki ya 3, kijana mmoja aliyekuwa akishika magunia aliona gunia limeangukia upande wa pili. Kuzunguka trekta ni hatua kama 10. Kuruka shafti ni hatua moja. Mvua ilikuwa imeanza, naye alikuwa amevaa koti kubwa la baba yake.

Dereva alizima injini mara moja, na madaktari walifanya yote waliyoweza. Kijana yule aliokoka, Mungu ashukuriwe, lakini mkono wake wa kulia ulikatwa juu ya kiwiko. Alikuwa na miaka 19.

Nilikwenda kumtazama siku ya 4. Mama yake alikuwa ameketi kando ya kitanda, akasimama kunipa kiti, maana ndivyo watu wetu walivyo hata katika msiba. Nilikuwa nimeandaa maneno. Kijana akaniangalia, akasema, "Pasta, naomba kuuliza. Kile kifuniko, mlikuwa mnajua?"

Ningeweza kumwambia kwamba tutayazungumza akipona. Ningeweza kusema kwamba ajali ni ajali. Mama yake alikuwa amesimama pale bado. Nikasema, "Tulijua, mwanangu. Mzee alituambia, nami ndiye niliyesema kingoje."

Hakujibu. Aligeuza uso ukutani, nami nikakaa pale mpaka saa ya wageni ikaisha.

Usiku ule ndipo nilipokumbuka hoja ya kampuni za Marekani ambayo niliicheka. Trekta letu halikuwa na kufuli. Hakuna Mfilisti aliyetushurutisha tuteremke kwake, wala kompyuta iliyotukataza. Fundi tulikuwa naye, tena mwema kuliko wengi. Spana ilikuwa mikononi mwetu wenyewe, na neno la mwisho lilikuwa letu. Basi mkono wa yule kijana ulipokwenda, hapakuwa na Mfilisti wa kumlaumu. Bado naamini kwamba mkulima anapaswa kuwa na uwezo wa kutengeneza mashine yake mwenyewe, na nitalisema hilo mahali popote. Ila tangu siku ile siwezi kulisema bila kuona koti lile.

Kuna sheria ndogo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, ambayo chuoni tuliihesabu miongoni mwa sheria za kale zisizotuhusu sana. Inamwagiza ajengaye nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Huko kwao dari ilikuwa bapa, watu wakipanda kuanika na kupumzika jioni. Angalieni kwamba sheria haisemi mgeni awe mwangalifu. Haisemi watoto waonywe. Inasema mwenye nyumba ajenge ukingo. Sisi wa kamati, baada ya ajali, tulijifariji kwa kusema kwamba kijana angezunguka hatua zile 10. Ni kweli angezunguka. Hata yule wa darini angetazama anapokanyaga.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya watu nikiwa sikuvaa kanzu wala stola, nikawaeleza yote kama nilivyowaeleza ninyi. Nilitoa uenyekiti. Wengine walilia, wengine walinikasirikia, na mama mmoja alitoka nje katikati ya maneno yangu, nami simlaumu. Chama kiliuza plau kikalipa hospitali, kisha kikaendelea kumlipa kijana yule ujira wake kila mwezi. Plau nyingine tuliipata baada ya misimu miwili. Mkono haupatikani.

Mzee alitengeneza kifuniko kipya kwa siku 2, kama alivyosema. Hakuniambia neno lolote, hata siku moja, la kunikumbusha. Alichofanya ni kwenda nyumbani kwa kijana yule, akamwomba awe mwanafunzi wake. Watu walishangaa, fundi wa mkono mmoja atafanya nini? Mzee akasema hahitaji mkono wake, anahitaji macho yake.

Wakanunua daftari la shule, lenye mistari. Kila ukurasa ni siku moja ya kazi. Bakuli la hewa, maji ya dizeli, oili, maji ya rejeta, grisi, bolti ya kukatika ni ya namna gani, kifuniko cha shafti na mnyororo wake. Kijana alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, na mwanzoni herufi zake zilikuwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Dereva hawashi trekta mpaka ameonyeshwa ukurasa wa siku ile. Hiyo ndiyo kanuni, na kamati mpya iliitia sahihi.

Mwezi wa Januari uliopita walikuja kupukuchua mahindi yangu mwenyewe, magunia machache tu ya shamba nililokodi nyuma ya nyumba ya parishi. Nilikuwa na safari ya dayosisi saa 4 asubuhi. Mahindi yalikuwa tayari, magunia tayari, akina mama tayari. Kijana alikuwa amelala chali chini ya shafti, akikagua mnyororo, akakuta pete moja imeanza kufunguka. Akaomba koleo na waya. Nikatazama saa, nikasema, bila kufikiri, "Hiyo si itafika jioni?"

Alitoka chini polepole, akajipangusa vumbi kwa mkono wake mmoja. Hakukasirika. Alifungua daftari, akalipekua nyuma mpaka akafika ukurasa wa kwanza kabisa, akanipa nishike. Palikuwa na tarehe tu, ile ya Novemba, na chini yake hapakuandikwa kitu.

Nikamrudishia daftari. Nikavua koti langu la safari, nikaketi juu ya gunia tupu, nikamshikia koleo.